Mkono wa Rugamba kwenye Bango

Ukimsikiliza Mama Natacha, anayeuza uji wa mtama karibu na magereji ya Gikondo, mjini Kigali, mashine ya kuchapa ya Mzee Nsengiyumva iligeuza mtu. Anasema ilikuwa Alhamisi. Karatasi ya kwanza ilitoka vizuri, mpiga gitaa wa kwenye picha akitazama huku. Kisha mashine ikakohoa mara mbili, taa ikazimika ikawaka, na karatasi ya pili ikatoka mtu yule yule akitazama kule.

"Kama mtu aliyeitwa na mwenzake barabarani," husema huku akimimina uji. "Niliona kwa macho yangu haya mawili. Mashine za siku hizi zina akili, lakini nyingine zina akili mbaya."

"Yewe!" wateja hushangaa, wakanyoosha vikombe waongezewe.

Lakini Mama Natacha hakuwepo. Alhamisi ile alishinda Gitega akinunua mtama. Habari ya mashine kugeuza mtu aliisikia kwa Spès, akaongeza kikohozi na taa yeye mwenyewe. Na Spès, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyejua kuliko wote jinsi mtu yule alivyogeuka.

Kila siku Spès akitoka shule hupitia kwa Joselyne, mdogo wa mama yake, ambaye yeye humwita Tantine. Joselyne ana chumba kimoja ubavuni mwa gereji. Ndani mna meza, viti viwili, na tableti ambayo kona yake moja imepasuka. Alipewa na mama mmoja wa Nyarutarama ambaye yeye Joselyne alikuwa akimfanyia kazi za nyumbani. Joselyne hakusoma zaidi ya shule ya msingi, na hakuna aliyemfundisha kuchora kwa tableti. Alikaa nayo jioni baada ya jioni, akibonyeza hiki na kile na kutazama kinachotokea, mpaka akaijua. Sasa wenye saluni, wanakwaya na wanamuziki humjia awachoree mabango.

Wiki hiyo alikuwa akichora bango la Bendi ya Mteremko. Bendi hiyo ilikuwa na tamasha Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa parokia. Katikati ya bango alikaa Rugamba, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, amefumba macho, na kutoka kwenye gitaa lake nyumba za Gikondo zilimwagika kama maji ya mvua, na mabati yake, ngazi zake na nguo zilizoanikwa.

Spès, ambaye humwita Rugamba Tonton, yaani mjomba, alikuwa haishiwi maswali.

"Tantine, mbona hizo nyumba ukizisogeza, Tonton Rugamba hasogei?"

"Kwa sababu hawako kwenye tabaka moja. Ni kama nimepanga vioo vitatu, kimoja juu ya kingine. Kioo cha chini kina nyumba, cha katikati kina Rugamba, cha juu kina maandishi. Wewe unaviona kama picha moja."

"Na ukikosea pua yake?"

"Nafuta pua. Nyumba za watu haziguswi."

Spès alicheka. Akajaribu kufunga jicho moja ili avione hivyo vioo vitatu kwa ubavu, lakini hakuona kitu.

Joselyne alimruhusu kazi moja tu, kujaza rangi kwenye mapaa ya nyumba. Akishika ile kalamu nyeupe ya tableti, Spès hakusikia tena nyundo za gereji wala kelele za pikipiki. Alijaza bati moja rangi ya kutu, la pili rangi ya majivu, la tatu akalipa viraka. Joselyne alitazama akaitikia kwa kichwa polepole. Kwa Joselyne, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jumatano picha ikaisha. Rugamba alionyeshwa kwenye simu, akajibu kwa maneno mawili tu: "Ndiye mimi."

"Nakwenda kupeleka kazi ya saluni," Joselyne akasema. "Hamishia faili kwenye flashi, umpelekee Mzee Nsengiyumva. Unakumbuka nilivyokuonyesha?"

"Nakumbuka, Tantine."

Karakana ya Mzee Nsengiyumva ilikuwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mzee alikulia Bujumbura kama mama yake Spès na Joselyne, na wote hao wakikutana huongea Kiswahili, na kucheka kwa sauti kubwa kidogo kuliko majirani wengine.

Spès akafungua faili, akalitazama bango kwa mara ya mwisho. Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwa ameliona. Rugamba alikuwa akipiga nyuzi kwa mkono wa kushoto.

Alisogea karibu, akarudi nyuma. Ukutani palikuwa na bango la zamani la bendi nyingine, akalitazama. Mpiga gitaa wa pale alipiga kwa mkono wa kulia, na shingo ya gitaa ilielekea dirishani. Gitaa la Rugamba lilielekea mlangoni.

Spès alijua kitu kuhusu picha. Shuleni, rafiki yake Careen akijipiga picha kwa simu ya dada yake, maandishi ya kwenye sare hutoka nyuma mbele. "Kumbe Tantine alichora kwa kuangalia picha ya namna hiyo," akawaza. Tena kulikuwa na jambo la pili. Tangu akiwa mdogo aliambiwa: usimpe mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto, usipokee kwa kushoto, usile kwa kushoto. Bango likibandikwa hivyo kanisani na madukani, watu si watasema Tonton Rugamba hana adabu?

Alijua pa kubonyeza. Alichagua tabaka la Rugamba, akabonyeza alama ya kugeuza. Mara moja Rugamba akageukia upande wa pili na gitaa likahamia mkono wa kulia. Nyumba na maandishi havikusogea. Spès akatabasamu. Akaliweka bango kwenye flashi. Alipotaka kufunga, tableti ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko.

Kidole chake kikasita. Alikuwa amekatazwa kugusa tabaka la Rugamba. Akabonyeza "Hapana". Kwenye tableti Rugamba akabaki wa kushoto, kwenye flashi akawa wa kulia.

Siku ya pili yake, Alhamisi alasiri, mabango hamsini yalikuwa mezani kwa Joselyne, yamefungwa kwa karatasi ya kaki. Rugamba alifika kuyachukua akiwa anapiga mluzi. Akafungua, akatazama. Mluzi ukakatika.

"Joselyne. Huyu ni nani?"

"Ni wewe, jamani. Nani mwingine?"

"Mimi napiga kwa kushoto."

Joselyne akalichukua bango. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua tableti na kuviweka viwili hivyo pamoja. Kwenye tableti, kushoto. Kwenye karatasi, kulia.

"Mimi nilikuchora sawa," akasema taratibu. "Nilikuja mazoezini mara mbili nikakaa kwenye kona nikiangalia huo mkono tu."

Rugamba akaketi. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini sasa hakutania. "Nilipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliufunga mkono huu kwa kitambaa," akasema, akiinua mkono wa kushoto. "Mwaka mzima. Nyumbani walikuwa wakinipiga vidole kwa kijiko. Nikajifunza kuandika kwa kulia, kula kwa kulia, kila kitu kwa kulia. Gitaa peke yake ndilo lililobaki. Pale tu ndipo nilipokataa. Sasa hata kwenye karatasi wamenihamisha."

Spès alikuwa amesimama nyuma ya mlango na begi lake la shule.

"Spès," Joselyne akaita, "faili ulilompa Mzee ni lile nililokuonyesha?"

"Ndiyo, Tantine." Neno lilitoka kabla hajalifikiri.

"Hukubadilisha kitu?"

"Hapana. Labda… labda mashine imegeuza yenyewe."

Wakamwita Mzee Nsengiyumva. Alikuja akipangusa mikono, akalitazama bango, akavua miwani, akaivaa tena.

"Jana nilikuwa nachapa fulana," akasema. "Picha ya fulana lazima uigeuze kwanza, kwa sababu ukiibandika kwa pasi inageuka tena. Nadhani nilisahau nikaligeuza na hili. Sikumbuki, lakini nadhani ni mimi."

"Lakini maandishi hayakugeuka, Mzee," Joselyne akasema.

"Sijui, mwanangu. Sijui kabisa. Kichwa changu siku hizi…"

Rugamba akasimama. "Mzee, nakuheshimu. Lakini Mteremko haitachapa tena kwako. Kesho nitatafuta mahali pengine."

Mzee aliinamisha kichwa, akaondoka. Siku hiyo hiyo, Spès alipokuwa akirudi nyumbani, Mama Natacha, aliyekuwa akishusha magunia yake ya mtama, alimuuliza kulikuwa na nini. "Mashine ya Mzee imegeuza mtu," Spès akajibu bila kusimama.

Ijumaa darasani hakusikia somo hata moja. Careen alimsukuma kwa kiwiko. "We, umelala macho wazi? Mwalimu amekuita mara mbili."

Alipotoka shule alitaka kupita njia ya juu, lakini miguu ikampeleka ile ile ya kila siku. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Mzee Nsengiyumva alikuwa amechapa karatasi nyingi zenye herufi moja moja kubwa, zote amezitandaza mezani.

"Aa, Spès. Njoo mwanangu, wewe una macho mazuri. Hii herufi inatazama wapi?"

"Kulia, Mzee."

"Na hii?"

"Kulia."

"Mimi pia naona kulia." Akashusha pumzi. "Basi si macho. Ni kichwa. Nimempigia kijana wangu simu, yuko Huye. Nimemwambia aje aichukue hii mashine. Mtu asiyekumbuka alichofanya jana asishike kazi za watu."

Akaupapasa ubavu wa mashine kwa kiganja, kama mtu anavyompapasa ng'ombe anayepelekwa kuuzwa.

Spès alitia mkono mfukoni mwa sare yake. Flashi ilikuwa bado mle, tangu Jumatano Mzee alipomrudishia. Aliitoa, akamnyooshea Mzee kwa mikono miwili.

"Mzee, si kichwa chako. Ni mimi. Angalia humu."

Mzee akaichomeka kwenye kompyuta. Bango likatokea, Rugamba akiwa ameshika gitaa kwa mkono wa kulia. Nje fundi mmoja wa gereji alikuwa akigonga bati, akagonga, akaacha, akagonga tena. Spès alitamani Mzee amgombeze, lakini Mzee aliendelea kuitazama picha.

"Nimekesha usiku kucha nikijiuliza kama ndiyo uzee wenyewe," hatimaye akasema. "Twende kwa Joselyne."

"Mzee, naomba umwambie wewe."

"Hapana. Utasema wewe. Mimi nitasimama nawe."

Spès alisema yote. Alisema kuhusu bango la ukutani, picha za simu ya dada yake Careen, kile kitufe cha "Hapana", na ile "ndiyo" ya uongo. Joselyne alisikiliza hadi mwisho.

"Jana nilikuuliza mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo, Tantine."

"Mara mbili."

"Ndiyo."

Joselyne akaichukua kalamu nyeupe kutoka mezani na kuitia kwenye mkoba wake. Kisha akampigia Rugamba simu. Rugamba alifika kwa pikipiki, kofia ngumu bado kichwani, kwa sababu alikuwa njiani kwenda kwa mchapaji mwingine. Spès akalazimika kueleza tena.

"Subiri," Rugamba akasema alipofika kwenye habari ya adabu. "Kwa hiyo wewe ulidhani nawatukana watu kwa gitaa?"

"Nilidhani watasema… hukufundishwa vizuri, Tonton."

Rugamba alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanza kidogo na kuishia kumtikisa mabega. "Nilifundishwa sana, mtoto! Nilifundishwa mpaka nikavimba vidole!" Alipomaliza kucheka alivua kofia, akamgeukia Mzee Nsengiyumva. Akampa mkono wa kulia, na wa kushoto akaushikisha kwenye kiwiko, kama mtu anavyomsalimia mkubwa wake.

"Mzee, nilikusema vibaya bila kuwa na hakika. Unisamehe."

"Yameisha," Mzee akasema. "Lakini mabango hayajaisha. Kesho ni umuganda, mtaa mzima utatoka kufanya usafi pamoja. Watu wakimaliza kazi saa tano watapita madukani wote pamoja. Tusipoyapata mabango leo, tamasha lenu litajulikana kwa nani?"

Hapa Kigali hubandiki karatasi ukutani popote unapotaka. Kila bango lilikuwa na mahali pake palipoombwa, kwenye saluni, kwenye duka, kwenye ubao wa kanisa. Hamsini yalihitajika, na karatasi nyingine kubwa kama hizo Mzee hakuwa nazo.

Spès alikuwa akitazama rundo la mabango mabovu. La juu lilikuwa limejikunja, upande wake wa nyuma ukaonekana. Ulikuwa mweupe.

"Mzee," akauliza kwa sauti ndogo, "upande huu hauchapiki?"

Mzee alipitisha kidole juu yake. "Haushiki rangi vizuri. Rangi zitapauka. Lakini mstari mweusi mtupu…" Akamtazama Joselyne.

Joselyne alikwisha fungua tableti. Alizima tabaka za rangi moja baada ya nyingine. Mabati ya Spès yakatoweka, mchana wa Gikondo ukatoweka, ikabaki mistari myeusi juu ya weupe. Rugamba, gitaa, nyumba zinazomwagika. Bango likawa kama jipya. Joselyne aliuma mdomo akitazama.

"Linakosa kitu," akasema. "Kitu kimoja chenye rangi."

"Mkono," Rugamba akasema. Akauinua ule wa kushoto. "Huu."

Karakanani kwa Mzee, mashine ilianza kazi saa kumi na moja jioni. Kila karatasi iliyotoka, Mzee aliikagua na kuiweka mezani, Rugamba akaipepea ikauke, na Spès akaupaka mkono wa kushoto kwa kalamu ya rangi ya chungwa, ile nene inayotumika kwenye mabango ya madukani. Vidole vitano, kiganja, kifundo. Mikono hamsini. Kwenye mkono wa ishirini shingo ilimuuma. Kwenye wa thelathini alijua kila mkunjo wa kidole gumba cha Rugamba, na alikuwa ameanza kujiuliza kwa nini kucha za vidole vya mkono unaopiga nyuzi ni ndefu kuliko za mkono mwingine. Akamuuliza Rugamba. Rugamba akampa mkono auguse.

"Ungeniuliza hivi Jumatano," akasema.

"Hapo ndipo penyewe," Mzee Nsengiyumva akasema kutoka kwenye mashine. "Sikiliza, Spès. Kuona kitu usichokizoea si kosa. Ulikuwa na macho, uliona. Lakini kitu usichokizoea si lazima kiwe kimeharibika. Muulize mwenyewe kabla ya kukitengeneza. Hilo la kwanza. La pili ndilo kubwa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Wewe ulinyamaza siku mbili tu, na mimi katika siku hizo mbili nilikuwa nimeshajitoa kwenye kazi yangu. Uongo haukai pale ulipouacha. Unamwangukia mtu mwingine, na huyo mtu huwezi kumchagua."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Maliza mkono huo, unakauka vibaya."

Siku ya Jumamosi, umuganda ulipokwisha, mabango hamsini yalikuwa mahali pake. Watu walisimama mbele ya saluni wakiwa bado na majembe na mafagio mikononi, wakauliza kwa nini mkono mmoja tu ndio wenye rangi. Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa mpaka wengine wakasikiliza wakiwa madirishani. Na kijana wa Mzee alipofika kutoka Huye kuchukua mashine, alikuta baba yake akichapa tiketi za bendi hiyo hiyo, akarudi Huye na mfuko wa ndizi tu badala ya mashine.

Jumatatu Spès alipitia kwa Joselyne kama kawaida. Joselyne alikuwa akianza kazi mpya, bango la wanakwaya. Kwenye kioo cha tableti palikuwa na mstari mmoja tu, mgongo wa mwimbaji. Spès aliketi kwenye kiti cha pili, mikono yake miwili akiwa ameikalia ili isiguse kitu.

"Tantine, mbona umeanza na mgongo?"

"Kwa sababu anayeimba kweli, unamjua hata kwa nyuma."

Spès alitazama mstari ule ukishuka, ukipinda, ukawa bega. Kalamu nyeupe ilikwenda na kurudi. Baadaye mabati ya kanisa yakaanza kuonekana nyuma ya wanakwaya, matupu, bila rangi.

"Tantine," akasema, "naomba nijaze hayo mabati. Mabati tu. Kitu kingine nitauliza kwanza."

Joselyne aliacha kuchora. Akamtazama mtoto wa dada yake, akaitazama kalamu iliyokuwa kati ya vidole vyake, kisha akayarudisha macho kwenye kioo na kuvuta mstari mwingine, taratibu, hadi ukafika mwisho, ndipo akamnyooshea Spès kalamu.